Siku Niliyomtembeza Tata

Daktari alisema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Ilikuwa presha ya macho, na baba alichelewa kwenda hospitali kama wanavyochelewa wanaume wote wa kwetu, wanaoamini kwamba kufifia kwa macho ni uzee tu na uzee hauna dawa. Nikaomba likizo kazini Mwanza, nikaja na gari hadi Kitendaguro nikiwa nimeshapanga kila kitu. Kabla giza halijamfika, ningemtembeza siku nzima kama mtalii. Tungeanzia ufukweni, tupande kilimani kuutazama mji wa Bukoba na ziwa lake, kisha tuishike barabara ya Muleba hadi juu kwenye ukingo unaokionyesha kisiwa cha Bumbire.

Bumbire ndiko alikoanzia kazi ya ualimu akiwa kijana, na ndiko alikompata mama yangu, ambaye sasa ni marehemu. Nilitaka akione kisiwa kile mara moja tu, akiwa bado anaweza kukiona. Mengine yote yalikuwa ya kusindikiza.

Asubuhi alitoka amevaa suti yake ya kanisani.

"Tata, tunakwenda kutembea, si ibadani," nikamwambia baba.

"Mtalii ni mtu asiye na wa kumsalimia," akanijibu akipapasa mkanda wa kiti. "Mimi ninao."

Nilicheka, nikawasha gari. Nilidhani ni utani.

Hata ufukweni hatukufika. Tulipokuwa Miembeni aliomba tusimame dakika moja kwa rafiki yake, mzee wa Kiislamu aliyemshonea suti ya harusi na ambaye mpaka leo cherehani yake iko barazani. Dakika moja ya wazee wetu kila mtu anaijua. Baba alimwomba mwenzake aache cherehani, asogeze kiti mpaka mlangoni penye mwanga, wakae wanatazamana. Akainamisha kichwa upande, kama kuku anayeitazama punje, wakaongea mambo ambayo hayakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilisimama kwenye gari nachezea funguo.

Kilimani nikakufuta kwenye ratiba, nikashika barabara ya Muleba. Kemondo yuko shangazi, dada yake wa pekee aliyebaki. Nilitaka tupite tu, tumsalimie wakati wa kurudi, lakini baba alisema watu wakituona tunapita mlangoni kwake bila kuingia, atasemaje huyo dada? Nikakunja kona. Anayeijua nchi yetu anajua kilichofuata. Shangazi alishika kisu na kuanza kumenya ndizi kabla hatujafunga milango ya gari, na ndizi zikishamenywa, hakuna mtu anayeondoka.

"Shangazi, waitu, tutachelewa," nikamsihi. "Tunakwenda kuangalia Bumbire."

"Mwana wange, Bumbire kimepata miguu?" akaniuliza bila kuinua uso. "Si kitakuwepo hata kesho?"

Baba alimwambia amenyee ndizi zake nje, chini ya mwanga. Alikaa karibu naye kuliko kawaida, akimtazama anavyocheka na mapengo yake. Tulikula ndizi na maharage. Nilimeza haraka haraka, nikarudisha sahani, nikanawa mikono, nikasimama, na hakuna aliyesimama pamoja nami.

Muhutwe tukaingia tena, kwa mjane wa mwalimu mwenzake. Tukaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama adabu inavyotaka, na mjane naye akahamishiwa mlangoni. Hapo hasira ilinipanda kweli. Niliona mzee anajiharibia siku yake mwenyewe, na mimi nimetoka Mwanza kwa ajili ya kuangalia watu wanavyotafuna kahawa.

Tulipofika kwenye ukingo, jua lilikuwa limeshalegea na ukungu umelifunika ziwa lote. Hapakuwa na kisiwa wala maji, weupe mtupu. Nilifungua mlango wa baba, kisha nikaenda hadi ukingoni na simu mkononi, nikitafuta mahali penye upenyo.

"Mama," akaniita. Ndivyo alivyozoea kuniita, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Njoo ukae hapa mbele yangu kidogo."

"Subiri, tata. Ukungu unaondoka huu."

Akaniita tena. Nikamwambia tena asubiri. Akabaki amekaa pembeni ya kiti na miguu nje, mikono magotini, na mwanga uliobaki ukiwa unamwangukia usoni. Baadaye ukungu ulipasuka kidogo, kikatokea kipande cha kisiwa, cheusi. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamsimamisha pale niliposimama mimi.

"Unakiona?"

"Nimekiona," alisema, kisha akanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Wakora, mwana wange."

Nilirudi Bukoba nikiendesha kwa furaha, nikiamini nimeokoa siku. Leo ninajuta safari ile kuliko jambo lolote nililowahi kumfanyia baba kwa nia njema. Alikuwa na orodha yake ya vitu vya kutazama, na katika orodha hiyo ziwa halikuwemo. Nilikuwemo mimi, wa mwisho.

Nilipopata likizo nyingine, jicho la kushoto nalo lilikuwa limekwenda. Nilimkuta amekaa nje, akanitambua kwa hatua. Nikapiga magoti kumsalimia, naye akanyoosha mikono yote miwili kunishika uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa anaona. Alipitisha vidole kwenye paji la uso, akashuka, vikagonga kioo. Akasita. Akaipapasa fremu taratibu, upande huu na upande ule, mpaka nyuma ya masikio.

"Umeanza lini kuvaa miwani, mama?"

Nilianza kuivaa Mwanza, miezi kadhaa kabla ya siku ile. Ndiyo niliyoendeshea gari kutwa nzima, nikiwa nimekaa kuliani kwake, upande wa jicho lililokufa.

"Juzi juzi tu, tata," nikamwambia.