Waya katika Goti la Lukumani

Arobaini ya mumewe ilipokwisha, Amisa alipanda pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo kumtafuta daktari. Hakwenda kulia. Machozi aliyamaliza nyumbani. Kifuani ilibaki hasira, naye alimwomba Mungu asimwondolee mpaka afike.

Mumewe, Lukumani, Mungu amrehemu, alikuwa msukaji wa mikeka. Mikeka yote ya msikiti wao ni kazi ya mikono yake. Alisuka amepiga magoti, akasali amepiga magoti. Siku pikipiki ilipomwangusha kwenye matope ya njia ya Lusangi, kifuniko cha goti kilipasuka vipande viwili. Daktari wa Kasongo akakifunga kwa pini na waya. Mfupa ukaunga, wakashukuru. Lakini ncha za waya zilikaa chini tu ya ngozi, na kila sijda zilimchoma kama miiba.

"Baba Sifa, salia kwenye kiti," Amisa alimsihi. "Mungu ameruhusu wagonjwa."

"Nikae mbele ya Mungu kama administrata anayetazama gwaride siku ya defile?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kinamuuma Amisa mpaka leo. Ngozi ilitoboka, usaha ukafika mfupani, mvua ikakata barabara. Lukumani akafa kwa homa kabla pikipiki haijaweza kupita.

Daktari alimpa pole, akamsogezea kiti. Amisa hakukaa.

"Docta, kulikuwa njia ingine?"

Daktari akaeleza: kuna waya, kuna skrubu, kuna pia uzi mnene wa upasuaji. Kwa mvunjiko kama ule, uzi ungeweza kushika sawa na waya, na hauna ncha.

"Huo uzi ulikuwa hapa?"

"Ulikuwa, mama. Sisi tumezoea waya."

"Ulimuuliza anafanya kazi gani? Anasali namna gani?"

"Niliangalia picha ya goti."

"Goti uliliangalia. Mwenye goti hukumuuliza kitu!"

Amisa akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Daktari akaruka kumwinua.

"Niache! Usifikiri nakuomba. Nakuonyesha. Hivi ndivyo mume wangu alivyoishi. Shuka na wewe, ujue waya inakaa wapi."

Daktari alitazama mlango uliokuwa wazi na wagonjwa waliokuwa wakichungulia. Kisha akakunja suruali yake, akashuka.

"Mwingine akija," Amisa akasema, "muulize kwanza."