Mvuke Utatokea Wapi?

Bi Mwatima Ridha wa kijiji cha Vitongoji hafuniki chungu akakikaza. Kifuniko chake huegemezwa upande mmoja, pakaachwa upenyo, na jamaa zake wamekwisha kuuzoea wali wake mkavu.

Sababu ni ya tangu utoto. Nyuma ya nyumba yao baba yake alikuwa na pipa la kuchemshia makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ili apate mafuta. Mvuke ulipita katika mrija, ukapoa, na mafuta yakadondoka kidogo kidogo ndani ya chupa. Asubuhi moja matone yalikoma. Makonyo yalikuwa yameuziba mrija, na moto ulikuwa ungali ukiwaka. Mzee Ridha alisogea, akakigonga kifuniko ili akilegeze. Kiliruka. Mzee hakufa, ila ngozi ya uso wake ilivutana upande wa kulia, na jicho la upande huo halikufumba tena hata usingizini. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote.

Kwa hiyo mumewe, Suhail, aliporejea kutoka Maskati, alikofanya kazi ya mkahawa kwa miaka mingi, na kusema kwamba anatamani espreso ya nyumbani, Bi Mwatima alitaka kwanza kujua inavyopikwa.

"Maji ya moto husukumwa yapenye ndani ya unga wa kahawa," Suhail alieleza.

"Husukumwa na nini?"

"Na pampu. Au na mvuke."

"Basi mie simo."

Suhail hakubishana. Kila asubuhi alimiminiwa kahawa ya dele, lile birika la shaba lenye mdomo mrefu, akashukuru, na kila asubuhi alikiacha kikombe hakijafika nusu. Kikombe hicho kisichokwisha ndicho kilichomlegeza Bi Mwatima.

Walikwenda Chake Chake, kwenye duka la Shadya, binti aliyeuza vyombo vya jikoni. Shadya aliwaonyesha kwanza mtambo wa umeme.

"Huu una pampu, Bi Mwatima. Ila umeme ukipungua nguvu, kahawa hutoka vuguvugu."

"Mvuke ukizidi, hutokea wapi?"

"Mambo yote ni ndani kwa ndani. Huyaoni."

"Siyaoni! Uweke mbali huo."

Mtambo wa pili ulikuwa wa mkono, wenye wenzo mrefu wa kukandamiza, nao ulihitaji bega zima. La Suhail lilikuwa limechakaa kwa kazi. Mwisho Shadya alileta birika dogo la vipande viwili vinavyokazwa kwa kuzungushwa: chini hutiwa maji, katikati huwekwa chujio chenye kahawa, na juu hupanda kinywaji. Ubavuni palikuwa na kijitufe cha shaba.

"Hii ni vali. Mvuke ukizidi, hufunguka yenyewe hapa."

Bi Mwatima alichomoa pini ya mtandio wake, akakibonyeza kile kitufe, akakibonyeza tena. Kilicheza.

"Bi Mwatima weye!" Shadya aliangua kicheko. "Wanunua birika au wakagua bomu?"

"Bado sijajua, mwanangu."

Buni alichagua Suhail. Gunia la kwanza sokoni alilinusa, akalirudisha, kwa kuwa lilikuwa limelazwa kando ya karafuu na limekwisha kuchukua harufu yake. Mahali pengine alipata buni iliyohifadhiwa katika debe: nyingi ya Mbeya, na kiasi kidogo cha Bukoba ili kinywaji kiwe kizito. Alimwomba mkewe asiikaange hadi iwe nyeusi, bali aiache kwenye rangi ya hudhurungi, kisha ipumzike siku chache kabla ya kutwangwa, kwani buni iliyotoka motoni hutoa pumzi.

"Hata hiyo nayo ina pumzi," Bi Mwatima alinong'ona.

Siku ilipofika, Suhail alisema, "Iwe laini sana, kisha ishindilie. Kule sote tulikuwa tukishindilia."

Bi Mwatima aliitwanga kama ya dele, akaichekecha ikawa unga mtupu, akaishindilia kwa kitako cha kikombe. Maji aliyatia yasifike kwenye vali, na vali yenyewe akaielekeza ukutani. Akawasha gesi.

Birika lilianza kunguruma. Tone moja jeusi lilichomoza, kisha jingine. Suhail alitabasamu.

Matone yakakoma.

Moto ulikuwa ungali ukiwaka.

"Imekwama kidogo," Suhail alisema, akanyoosha mkono. "Naligonga tu."

"Usiliguse!"

"Yakhe, si birika tu hili?"

Bi Mwatima alimkamata ukosi wa kanzu, akamvuta nyuma kwa nguvu ambazo Suhail hakuwahi kuzijua. Lakini kifungo cha gesi kilikuwa mbele ya jiko, chini ya birika lile lile. Lazima mtu asogee. Bi Mwatima aliona jicho la baba yake, liko wazi. Alijifunika uso kwa kanga, akainama, akapapasa, akakizungusha. Moto ulizimika.

"Nje!"

Hawajafika mlangoni, birika lilipiga mluzi mkali. Mvuke ulifoka ubavuni, ukaupiga ukuta, ukaendelea, ukapungua, ukanyamaza. Ukutani palibaki doa lililolowa, na Suhail alilitazama, kisha akautazama mkono wake.

"Umetokea," alisema Bi Mwatima. Vidole vyake vilikuwa vimeushika tena ukosi wa mumewe.

"Nini?"

"Mvuke. Umetokea pale pale alipotuonyesha Shadya."

Walingoja birika lipoe kabisa, ndipo wakalifungua. Kahawa ilikuwa imeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Suhail alielewa: mtambo wa mkahawani ulikuwa na pampu ya kuyapenyeza maji katika unga kama ule, na birika hili halikuwa na kitu ila mvuke wake.

"Kosa langu," alisema.

"Nusu. Nusu nyingine ni ya kinu changu."

Kesho yake Bi Mwatima aliitwanga kahawa kwa mkono mwepesi, ikabaki chenga chenga kama sukari, wala hakuishindilia. Alikibonyeza kitufe kwa pini. Alimfungia mumewe ukumbini, akasimama peke yake mkono ukiwa juu ya kifungo cha gesi, kifuniko cha birika akiwa amekiacha wazi, midomo yake ikisoma dua. Kahawa ilipanda bila ya kukatika.

Aliimimina kikombeni, akampelekea ukumbini upesi upesi hata nyingine ikamwagika kwenye kisahani. Suhail aliinywa yote, na ile ya kisahani pia.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho utakaa huku huku ukumbini."