Kesi ya Ndugu Wawili Niliyosamehewa Kuisikiliza

Mwaka ule mafuriko yaliangusha nyumba nyingi hapa Buterere, na maji yalipokauka hakuna aliyejua tena kiwanja chake kinaishia wapi. Ndugu wawili, majirani zangu, wakaanza kugombania kiwanja cha marehemu baba yao. Mkubwa ni mbeba mizigo bandarini, mdogo analima mpunga. Walifika mahali pa kutosalimiana.

Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, akaja kwangu kuniambia kwamba watu wamenitaja niwe mmoja wa bahuza, wale wapatanishi wanaosikiliza kesi za mtaa kabla hazijafika mahakamani. Nilimuuliza kwa nini mimi, mjane niliyeshona nguo za watu maisha yote na sijui sheria hata moja. Akasema ni heshima, akaondoka.

Kusema kweli sikuitaka heshima hiyo. Nina ng'ombe mmoja, na mimba yake ilikuwa imeshakomaa. Uzao uliotangulia ndama alikaa vibaya tumboni, tukamtoa amekufa. Safari hii nilikuwa nimeamua sitoki nyumbani, na bahuza wakikaa asubuhi huinuka watu wameshachoka. Basi nikaenda ofisini kwa shefu kuomba ruhusa, maneno yangu nimeyapanga njia nzima. Sikufika hata katikati.

"Koko, usijisumbue," alinikatiza. "Tumeshaongea na wenzangu. Tumekusamehe juu ya uzee."

"Mi sikuje juu ya uzee," nikamwambia. "Nimekuja juu ya ngombe."

"Ngombe haiwezi kuwa sababu. Nikikubali ya ngombe, kesho mutu mwingine ataniletea ya kuku."

Nikashukuru, nikatoka. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, lakini nilitembea kama mtu aliyeibiwa kitu asichokijua. Hadi juzi yake shefu huyo aliniita mama, sasa nimekuwa koko, bibi wa watu. Na kama mimi ni mzee kiasi hicho, aliyenitaja aliona nini? Hata umri wangu sina hakika nao. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa mvua nyingi, na mvua nyingi hapa kwetu si habari.

Ng'ombe alizaa siku ileile ya kesi, ndama jike, akasimama mwenyewe. Nilifurahi, lakini huku namsugua kwa majani makavu masikio yangu yalikuwa kwenye kikao. Jioni jirani akanieleza kwamba bahuza wamekigawa kiwanja katikati, wakapiga vigingi.

Kesho yake yule ndugu mkubwa alikuja na ndagala, dagaa wa ziwani, wamefungwa vizuri. Akanishukuru kwa kujitoa. Alisema alijua wangenisukuma nimtetee mdogo wake, nami nikakataa kwa hekima. Nikamwambia nilibaki na ng'ombe. Akatabasamu kama mtu anayetunza siri yangu.

Haikupita wiki, mdogo naye akanisimamisha karibu na mashamba ya mpunga.

"Asante, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ungekaa pale, kaka yangu angechukua yote."

"Mwanangu, ngombe yangu ilikuwa inazaa."

"Najua, mama. Ndivyo ulisema."

Nilimpigia simu binti yangu anayeishi Kibenga, nikamsimulia yote. Akacheka sana, kisha akaniuliza: kwani ningekaa, ningemtetea nani? Swali hilo sikuwahi kujiuliza, na nilipojaribu kulijibu kila ndugu alikuwa na haki kidogo, na mpaka waliougombania ukanichanganya kichwani kama ulivyowachanganya wao.

Sasa wamejenga, kila mmoja upande wake, na wote wawili hununua maziwa kwangu. Asubuhi nawapimia, wananisalimia kwa adabu kubwa, na bado sijui wananishukuru kwa lipi.