Vyungu vya Mama

"Mama, ni wewe umeifunga mvua?" Nilikuwa mtoto wa miaka saba nilipomwuliza hivyo. Akaendelea kupepeta mtama.

Kijiji chetu cha Ujamaa, nje kidogo ya Manyamanyama, kilikauka mwaka ule mpaka pamba ikabaki vijiti. Wakaja vijana wa kujitolea kutoka Musoma kuwasaidia wakulima, na mama, mjane, akawakubali wa kwanza. Walimfundisha kuzika vyungu kando ya miche ya nyanya, avijaze maji na kuvifunika, maji yavuje polepole mizizini. Mimi ndiye niliyeyachota lamboni. Nilijua kilichomo. Maji matupu.

Lakini kwetu anayetaka kuzuia mvua huzika chungu shambani, na kati ya vijana wale hakuna aliyeuliza. Kadiri nyanya zilivyostawi, ndivyo salamu zilivyopungua. Hata mimi nikaanza kumtazama mama kwa jicho la pembeni. Mbona anavifunika? Mbona midomo inamcheza akivifunika?

Kwenye mkutano wa kijiji akasimama Mzee Magesa, jirani yetu.

"Mama Nyangeta, mvua inafungwaga na watu. Toa vyungu vyako, au uhame."

"Shemeji, twende uyanywe maji yenyewe."

Akajibu kwamba hana kiu. Watu wakacheka. Vijana wa Musoma, waliojua kila kitu kuhusu vile vyungu, wakatazama viatu vyao. Hao ndio sijawasamehe.

Mama alivivunja mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kizima kikimtazama. Miche ikanyauka. Siku ya tatu mvua ikanyesha, vigelegele vikapigwa, na Mzee Magesa akatuletea sato wawili kwa moyo mweupe kabisa, kama anayemjulia hali mgonjwa aliyepona. Mama akapokea, akashukuru.

Chuoni nimebishana mara nyingi kwamba mvua ile ilikuwa njiani tu, na kila mara nashinda. Ila siku ile, nikiwa nimelowa uani, niliamini kwamba mama yangu ni mchawi, na niliendelea kuamini kwa miaka. Amefariki sijamwomba radhi.

Basi wewe unayekwenda kujitolea vijijini likizo hii, nakuomba: kabla hujamfundisha mama wa watu jambo lolote, waite majirani zake, uwaeleze mbele yake. Na wakimgeukia, sema.