Dume Nililolifuga

Dada yake mume wangu, yaani wifi yangu, anasikia nusu ya maneno. Nusu inayobaki anaijaza mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu wa maombi, nafasi yote iliyo wazi anampa shetani. Nalisema hili nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Watu wameniambia niandike nikishatulia. Nimesubiri kutulia tangu mwezi uliopita, kutulia kwenyewe hakuji.

Kisa chote kilianza na gemu ya kwenye simu. Unakamata viumbe, unawalisha, unawakuza, halafu unawapiganisha na viumbe wa wenzako. Mume wangu ndiye aliyenifundisha. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, makochi ya nyumba yetu ya Goba bado yana nailoni, tulikaa tumebanana na simu zetu akanirushia kitoto cha simba kutoka kwenye simu yake kuja kwenye yangu. Alisema zawadi ya harusi ya watu wengine ni masufuria, yake ni hii. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Masufuria tulipewa pia, kumi na moja, lakini hakuna sufuria hata moja niliyoipenda kama nilivyompenda yule simba.

Alikuwa mdogo, rangi ya udongo, hana manyoya shingoni. Ukimkuza yanaota, tena si manyoya, ni makaa yaliyokolea, na akitingisha kichwa cheche zinaruka kioo kizima. Anatema moto. Ila kabla ya kutema anakohoa kwanza, kikohozi kidogo cha mzee aliyekaa barazani, halafu ndiyo moto unatoka na adui anageuka majivu. Kile kikohozi kilinimaliza. Nilimkuza miaka minne. Nikiwa kibandani kwangu nashona sare za shule, simu iko pembeni ya cherehani, na katikati ya sketi na sketi namlisha.

Sasa, sie wachezaji wa Dar tuna neno letu. Hatusemi kucheza na kiumbe wala kumkuza. Tunasema kufuga. Unafuga nini? Mie nafuga simba. Ni neno la kawaida kabisa, la kuku na mbuzi. Lakini nyumbani kwa akina mume wangu, huko bara, neno hilo lina maana ya pili. Mtu akisemwa anafuga bila kutajwa anachofuga, watu hushusha sauti, kwa sababu kinachofugwa hapo ni jini.

Na mie, kwa bahati mbaya, ni mtu wa Mtoni. Nimezaliwa Temeke, nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Pwani aliyechoma udi kila Alhamisi kwa sababu alipenda harufu yake. Mimi ni Mkristo kama wao, nimebatizwa kama wao, lakini kwa wifi yangu Pwani haifutiki kwa maji. Siku ya kunitambulisha alinusa gauni langu kabla hajanipa mkono. Halafu miaka minne ikapita sijashika mimba. Hospitali mbili zilisema hatuna tatizo, si mimi wala yeye. Wifi yangu hakuuliza hospitali.

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya macho. Alipewa kliniki mjini, akawa anakaa kwetu. Nampa haki yake: ni mwanamke mstaarabu, mwalimu mstaafu, anakunja shuka zake mwenyewe. Kila asubuhi nilimpigia magoti nikasema shikamoo mama, naye akanijibu marahaba mwanangu, kwa sauti ya chini, amenishika kichwa. Kwa mtu asiye na mama, mkono ule ulikuwa kitu.

Tangu siku aliyofika, mume wangu aliacha kucheza gemu mbele ya watu. Yeye ni mwalimu wa kwaya, ana miaka thelathini na saba, na mama yake anaamini simu ile ni ya kazi na nota za nyimbo. Alikuwa anacheza chooni. Nilimsikia mlangoni akihema, kumbe anapigana. Nilimtania, akaniomba nisimwaibishe, nami nikamhurumia, maana hata mimi mtu mzima naona haya kidogo. Hapo ndipo nilipokosea. Ningemwaibisha siku hiyo hiyo.

Alhamisi moja wifi alikuja kumwona mama yake. Anaishi Kimara. Alinikuta uani naanika nguo, na simu iko mdomoni kwa sababu nilikuwa natuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la wachezaji. Sikumwona. Kesho kutwa yake tulikuwa na mpambano, kwenye baraza ya fundi simu huko huko Kimara, na mie nilikuwa natamba kama tunavyotambaga wote.

Nilisema hivi, na kundi zima ni shahidi, ujumbe bado upo: "Dume langu nimelifuga mwaka wa nne huu, mnalijua. Jumamosi nalishusha Kimara, nawachoma wote, sibakizi mtu. Ishu moja tu, limegoma kuzaa. Nimeliweka na wa mume wangu wiki mbili, hakuna kitu."

Nilimaanisha yai. Kwenye gemu ukiwaweka dume na jike kwenye banda moja, wakielewana utakuta yai. Dume langu na jike la mume wangu walikuwa hawajaelewana. Nilipogeuka nikamwona wifi amesimama na mfuko wake wa ndizi. Nikamsalimia. Akaniangalia tumbo, akapita.

Jumamosi nilikwenda Kimara, nikawachoma. Wanne, mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho alikuwa na kobe wa maji ambaye kwa haki angemzima simba wangu. Simba akakohoa, akatema, kobe akaisha. Nilirudi Goba naimba.

Saa ile ile, au karibu na saa hiyo, wifi yangu alikuwa jikoni kwake anakaanga samaki. Simu ikaita, akaenda kuongea sebuleni, na wifi akiongea na simu samaki wanaweza kurudi baharini kwa miguu. Mafuta yakashika moto, moto ukashika pazia, pazia likashika kabati. Majirani wakauzima kwa mchanga. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini mtu mwingine yeyote angelaumu kikaango.

Jumapili asubuhi nilipiga magoti nikasema shikamoo mama. Mama mkwe alitazama ukutani. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akasema, "Bwana asifiwe," na mkono wake ukabaki mapajani. Nilisimama pale nina kikombe cha chai yake. Wanaojua salamu zetu wanajua hiyo ni nini. Mtu mzima asipokuitikia shikamoo, amekutoa ndani ya nyumba yake bila kukufungulia mlango.

Baada ya ibada tulikaa sebuleni wanne: mama mkwe kwenye kochi kubwa, wifi pembeni yake, mume wangu kwenye kochi la mtu mmoja karibu na dirisha, mimi kwenye kigoda. Wifi ndiye aliyesoma mashtaka. Alisema amenisikia kwa masikio yake. Dume, nimelifuga, mwaka wa nne, yaani tangu nilipoolewa. Kwamba nimelitanguliza Kimara likachome. Kwamba nalilaza na mume wangu na halitaki nizae. Alisema lina jina, linaitwa jini mahaba, linaoa mwanamke na kufunga tumbo lake, na wanawake wa Pwani wanalirithishana kama khanga.

Nilicheka. Najua sikupaswa, lakini nilicheka, nikasema ni gemu. Nikaeleza pole pole kama ninavyowaeleza wateja kwa nini sare imechelewa. Wakanitazama tu. Nikaona nionyeshe. Nikafungua simu, nikamwita simba, nikamwekea mama mkwe kioo usoni. Mama mkwe, mwenye macho yaliyojaa ukungu, aliona nini? Aliona wekundu, sura, na makaa yanayotembea. Sauti nilikuwa nimeiacha juu tangu jana yake. Simba akakohoa, sebule nzima ikasikia mwanamume anakohoa ndani ya mkono wangu, halafu akatema.

Mama mkwe alirudi nyuma mpaka kisogo kikagonga ukuta. Wifi akasema taratibu, ameridhika, "Mama, umejionea mwenyewe."

Mama mkwe alipotulia hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, lile la kiualimu, linalotaka jibu moja. "Kitu hiki hakijileti. Nani alikupa?"

 Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa namwachia nafasi aliyenipa. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, simu yake imetuna kwenye mfuko wa suruali ya kanisani, na ndani ya mfuko ule mlikuwa na jike, mke wa huyu huyu shetani. Nilikuwa nautazama ule mfuko. Maneno yaliyotakiwa ni manne tu: mama, ni mimi nilimpa. Ningeweza kuyasema mimi, lakini yangetoka kwangu yangekuwa mashtaka ya mke wa Pwani kwa mtoto wa watu. Yakitoka kwake yanakuwa ukweli.

"Ni bibi yake," wifi akasema. "Yule wa Mtoni wa kuchoma udi."

Bibi yangu amezikwa Temeke. Alinilea kwa kuuza vitumbua, akafa akinishika mkono, na hakuwahi kumsema mtu vibaya akiwa hayupo. Niligeuka moja kwa moja kwa mume wangu, mbele yao wote, nikamwambia aseme.

Akasafisha koo. Akamtazama mama yake, akatazama dirisha. "Mama, ni vitu vya simu tu hivyo. Ila kama vinaleta maneno ndani ya nyumba, basi amwachie, yaishe."

Hakusema uongo, ukimpima neno kwa neno. Ndiyo maana nilimchukia pale pale.

Kwenye gemu kuna kitufe cha kumwachia kiumbe. Ukikibonyeza inakuuliza kama una hakika, kwa sababu akienda harudi. Mama mkwe aliweka mkono juu ya kichwa changu na kuanza kuomba, mkono ule ule niliokuwa naupenda, na wifi akawa anaitikia. Nilibonyeza. Ikaniuliza. Nikamtazama mume wangu mara ya mwisho, yeye anatazama viatu. Nikasema ndiyo, nina hakika. Simba aligeuka, akatembea kuelekea kwenye majani marefu, akasimama, akakohoa, akaingia.

Mama mkwe akasema amina. Kisha, taratibu, kama anayelipa kitu alichokuwa amekishikilia tangu asubuhi, akasema, "Marahaba, mwanangu."

 Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku tatu nilikaa na mume wangu bila neno zaidi ya chakula tayari. Siku ya nne, mchana, alinifuata chumbani, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda. Sura yake ilikuwa na furaha ya mtu anayeficha zawadi, na niliitambua, kwa sababu niliiona mara ya kwanza tukiwa kwenye makochi yenye nailoni. Akanong'ona kwamba jike lake lilitaga. Asubuhi ya Jumapili ile ile, kabla ya ibada, walikuwa wameelewana. Yai lilikuwa kwake. La simba wetu, alisema. Damu yake ile ile.

Simu yangu ikatetemeka. Amenirushia. Kwenye kioo likatokea yai jekundu lenye mistari, linacheza kidogo, na vitufe viwili chini yake: kubali, kataa.  Miaka minne ya kuulizwa tumbo, halafu mtu anakuletea yai amelikumbatia kwa mikono miwili. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kubali.

Nikamwambia nitalipokea. Lakini kwanza aende sebuleni, mama yake amekaa pale pale, amwambie ni nani alinipa yule wa kwanza. Nikamwambia sihitaji hotuba. Bibi yangu atoke mdomoni mwao, basi.

 Akasimama, akavuta shati lake likae vizuri, akatoka. Kutoka chumbani kwetu hadi sebuleni ni hatua tisa. Nilizisikia zote. Nikasikia kochi linalia anapokaa. Mlango alikuwa ameuacha wazi, na mie nimeshika simu, yai linacheza, kidole kiko pale pale.

"Mama," alisema.

"Naam, baba."

 Kisha nikamsikia akimuuliza kama ameshaweka dawa ya macho.

Nikabonyeza kataa.