Boti Inayokunywa Maji

Huku mtaani Keshero wanatengeneza barabara, na harufu ya lami moto imenirudisha ufukoni, utotoni mwangu.

Kwa sababu ya vita, boti ya mbao ya papa, baba yangu, ilikuwa imekaa juu ya mawe wiki nyingi, ikakauka. Papa aliziba nyufa kwa pamba na lami, akaisukuma ziwani, lakini maji yakaingia. Watu waliokimbia kambi ya Mugunga walikuwa wakingoja kuvushwa hadi kisiwa cha Idjwi.

"Papa, hii ni boti ao kitunga?" mama mmoja aliuliza.

"Mbao ikikauka inasinyaa, mama. Tuiache ikunywe maji. Itavimba, ijifunge yenyewe."

"Na mabomu, nayo itangojea?"

Papa aliniita. Aliniketisha ndani ya boti, akaniambia niweke kiganja juu ya ufa, naye akaendelea kuchota maji kwa kopo. Watu wote walinitazama. Maji baridi yalipita kati ya vidole vyangu, yakawa membamba kama uzi, kisha yakawa matone. Jua lilipofika utosini nikasema, "Papa, haiingie tena."

Yule mama akavua viatu, akapanda wa kwanza, akanipakata.