Kuonja Mbele ya Wakwe

Mdomo wangu wa chini hauna hisia. Uji ukinichuruzika mpaka kidevuni, wa mwisho kujua ni mimi. Kwa hiyo nimejifunza kutazama macho ya watu. Macho yakishuka yakatua kidevuni, nachukua leso najifuta. Yakishuka tena, najifuta tena. Ubaya ni kwamba macho ya watu hushuka hata pale ambapo hakuna kitu, na mimi siwezi kujua tofauti. Ndivyo nilivyogeuka mtu wa kushuku kila jambo. Sikuzaliwa hivi.

Ilianza na kidonda kwenye ufizi, upande wa kushoto, nikadhani ni jino. Jino liling'olewa, kidonda hakikupona. Kufika hospitali kubwa wakasema ni kansa, na imeshaingia kwenye taya. Wakalikata. Wakachukua mfupa wa mguuni, chini ya goti, wakauchonga na kuufunga kwa vyuma mahali pa taya. Baadaye nikapigwa mionzi, ikanikausha mate na kuondoka na ladha. Sasa mimi ni mtu anayetafuna kwa mguu. Nilimwambia mume wangu hivyo tukiwa kwenye treni ya kurudi, akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka, akageukia dirishani.

Tunakaa Itigi. Mume wangu ana mizinga ya nyuki porini, na mimi kwa miaka mingi nimetengeneza wanzuki, ile pombe ya asali. Huku kwetu pombe haipewi mgeni hivi hivi. Aliyeitengeneza anachota kwa kata ya kibuyu, anakunywa yeye kwanza mgeni akimwona, ndipo anampa kata ileile. Hakuna anayeeleza kwa nini, kila mtu anajua. Ukianza kunywa wewe, basi hukuweka kitu. Mgeni akipewa pombe ambayo mwenyewe hakuigusa, atashika kata, ataongea habari za mvua, na ataiweka chini ikiwa imejaa.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta dada wa mume wangu amehamia kwetu kunisaidia. Nilishukuru kwa muda. Kisha nikaanza kuona mambo. Wao wanakula ugali kwenye sinia moja, mimi naletewa bakuli langu, ugali umelainishwa kwa mlenda mwingi. Wifi alisema ni kwa sababu siwezi kutafuna vizuri. Kweli siwezi. Lakini bakuli lile liliwekwa peke yake juu ya kabati, na sikuwahi kuona mtu mwingine akilitumia. Nikimkuta anaongea na mume wangu uani, wananyamaza. Wateja wa wanzuki akaanza kuwaonjea yeye, nao kwa kuwa ni majirani wanaotujua wakanywa. "Wewe pumzika, wifi," anasema, na huku kata ameshaishika. Niliona wazi kabisa kwamba huyu anataka nyumba yangu. Ataanza na pombe, atafuata jiko, halafu atamtafutia kaka yake mke mwenye taya zima.

Hayo ningeweza kuyavumilia. Kilichonikosesha raha ni posa ya binti yangu. Kijana alikuwa wa Manyoni, na wazee wake walipanga kuja kuonana nasi. Siku kama hiyo mama wa binti ndiye anayepokea wageni, na pombe ikiwa ni yake, ndiye anayeonja. Nilitaka kitu kimoja tu, kusimama mbele ya wakwe kama mama wa mtoto wangu. Wanzuki ile niliitengeneza kwa mikono yangu. Ladha sina, kwa hiyo niliweka sikio kwenye ndoo nikasikiliza mapovu, nikanusa, nikaridhika.

Wiki hiyo minong'ono ikazidi. Wifi alinunua kitenge kipya. Mume wangu akaniuliza, bila kunitazama, kama baridi hainisumbui tayani. Binti yangu peke yake ndiye aliyekuwa karibu nami, ananikanda ule mguu uliotolewa mfupa, ananiletea maji kabla sijaomba. Nilijisemea kwamba angalau huyu yuko upande wangu.

Asubuhi ya siku yenyewe wifi alinifuata jikoni.

"Wifi, tumeona wewe ubaki huku. Tutasema una homa."

"Mmeona wewe na nani?"

"Tumeona tu. Wageni wengi, maneno mengi, utachoka."

"Na atakayeonja?"

Akajifunga vizuri kitenge chake. "Nitaonja mimi."

Nilikuwa na la kumjibu. Lakini mimi nikikasirika maneno yangu hayaeleweki, yanatoka kama ya mlevi, na sikutaka kumpa raha hiyo. Nikakaa kwenye kigoda. Nilimchukia kwa moyo wote, nasema hivyo bila kuzunguka.

Wageni wakaja. Nilisikia shikamoo na marahaba, nikasikia viti vikiburutwa na mshenga akianza maneno yake marefu. Kisha wifi akatangaza kwamba mama ana homa kidogo, akachota, akanywa, akampa mgeni wa kwanza. Nikangoja kusikia kata ikizunguka. Nikasikia habari za mvua. Mzee mmoja akauliza alizeti za huku zimekuaje mwaka huu. Mwingine akasifu barabara. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango, nikaona kata iko chini, imejaa.

Hapo nikaelewa kosa lao, na nusura nicheke. Walikazana kuficha uso wangu, wakasahau kwamba pombe ni yangu. Habari za ugonjwa wangu zilikuwa zimefika Manyoni zamani, treni hazibebi mizigo tu. Sasa wageni waelewe nini? Mwanamke aliyeugua mdomo ametengeneza pombe, amejificha jikoni, na anayeonja ni mtu mwingine. Hata mimi nisingekunywa.

Shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti nzito, ndiye aliyeuliza. "Samahani, wenyeji wetu. Hii ametengeneza nani?"

"Mama wa binti," wifi akasema. "Ila ana homa."

"Basi apone kwanza," akasema shangazi kwa adabu kabisa, akavuta mkoba wake. "Sisi tutarudi siku nyingine."

Wote tulijua siku nyingine maana yake nini. Nikawaza, nikitoka nitamwaibisha mwanangu, nisipotoka hana mchumba. Nikatoka.

Niliwaamkia wazee, wakaitikia. Nikachota. Kunywa kwa mdomo usiohisi ni kazi. Niliubana upande mmoja kwa kidole, nikainamisha kichwa, nikameza. Macho ya sebule nzima yakashuka kidevuni kwa pamoja, kwa hiyo safari hii sikuwa na shaka yoyote. Nikampa shangazi kata. Sikumtazama usoni, nilitazama mikono yake, nione kama ataigeuza anywe pale ambapo mdomo wangu haukugusa. Aliigeuza. Aliigeuza kidogo tu, kwa kidole gumba, kisha akanywa yote, akasema imeiva vizuri ila ni kali. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kinyaa au ndivyo anavyoshika kata. Baada yake wakanywa wengine, na mazungumzo ya posa yakaendelea mpaka yakaisha vizuri.

Wageni walipokwisha kusindikizwa stesheni, nilimfuata wifi uani nikamwambia ameshindwa, nyumba hii bado ni yangu. Nilitaka anijibu vibaya. Hakunijibu vibaya.

"Mimi nilikataa, wifi," akasema. "Na kaka alikataa. Muulize mwanao."

Nilimkuta binti yangu sebuleni anapanga viti, vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Ni wewe uliyesema nikae jikoni?"

Akashika mgongo wa kiti. "Niliogopa watakimbia, mama."

"Wameniona. Wamekimbia?"

"Hapana."

"Sasa uliogopa nini?"

Machozi yakamtoka. "Niliona aibu."

Kumshuku wifi kulikuwa na utamu wake. Nilikuwa naamka nako na kulala nako, na kila siku napata ushahidi mpya wa kujipa haki. Kwa mtoto wangu sikuwa na hamu ya ushahidi wowote. Niliumia kuliko nilivyoumia hospitalini, maana huko walinipa dawa ya usingizi. Sikumkumbatia. Nilikaa kwenye kiti kimojawapo, naye akakaa mbali kidogo, tukawa hivyo mpaka alipofuta machozi na kuniuliza, kwa ule upole wake, siku ya harusi ningependa kukaa wapi.

"Mbele," nikamwambia. "Kwenye kiti cha mama."

"Sawa, mama," akasema, haraka mno.

Harusi ni baada ya mavuno ya alizeti. Gauni langu nimeshashona. Ni jekundu, la kuonekana hata na mtu aliyekaa nyuma kabisa ya kanisa.